Kukijua kijito kabla hakijajaa: namna ya kupima bonde dogo kijijini, Lindi na Mtwara

Kalavati tulilojenga kwa michango kwenye barabara ya mashambani lilidumu msimu mmoja tu. Tulichanga fedha, tukasomba mawe na mchanga, fundi akalaza bomba moja la zege lenye kipenyo cha sentimita 90, tukashindilia kifusi juu yake. Mvua kubwa ya kwanza ya Januari ilipita salama. Ya pili ililijaza bomba, maji yakapanda juu ya barabara, na asubuhi tulikuta bomba limelala mita 50 kule chini, katikati ya majaruba ya mpunga. Palipokuwa na barabara pamebaki korongo. Hakuna kati yetu aliyekuwa amepima kitu. Hatukujiuliza kijito hiki kikijaa hubeba maji kiasi gani, wala maji hayo hutoka wapi.

Nimeandika mwongozo huu kwa wanaoishi kando ya vijito vinavyoshuka kwenda Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji, Matandu au Ruvuma: walimu wa jiografia, wajumbe wa kamati za maji, maofisa ugani, watendaji wa vijiji, na kila mkulima mwenye jaruba bondeni. Vifaa vyake ni kamba, fimbo, makopo, simu na daftari. Daraja kubwa litabaki kuwa kazi ya mhandisi, lakini mhandisi anayekuta daftari lenye vipimo vya msimu mzima hafanyi kazi ya kubahatisha.

Anza Agosti au Septemba. Huku kusini hatuna vuli na masika mbalimbali kama wenzetu wa Dar es Salaam. Tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili. Ukiukosa mwanzo wake, umepoteza mwaka mzima.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa bonde

Bonde la kijito ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha na maji yakatiririka, yataishia kwenye kijito hicho. Mpaka wake ni migongo ya vilima inayokizunguka. Mpaka wa kijiji au wa kata hauhusiki hapa. Sisi tulipochora wa kwetu tuligundua kwamba zaidi ya nusu ya bonde iko kwenye ardhi ya kijiji jirani, ambacho hatukuwahi kukialika hata kwenye kikao kimoja cha mafuriko.

Tafuta ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji na Ramani; ofisi ya ardhi ya wilaya itakuelekeza namna ya kuipata. Kwenye ramani hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Weka nukta pale unapotaka kupalinda, mathalani kwenye kivuko au shule. Kutoka hapo panda na mgongo wa kilima, ukikata mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) kwa pembe mraba, uzunguke juu kabisa mpaka urudi kwenye nukta yako. Kontua zinazopinda na kuelekeza ncha upande wa juu zinaonyesha bonde. Zenye ncha inayoelekea chini zinaonyesha mgongo. Kisha funika mchoro kwa karatasi ya miraba na uhesabu: mraba wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita 1 ya mraba.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya QGIS, ambayo ni bure, pamoja na data ya miinuko ya SRTM iliyokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Data hiyo imegawanywa kwa vipande vya mita 30 hivi. Ni nzuri penye miteremko, lakini rada ile ilirudishwa na vilele vya miti pia, na kwenye tambarare kosa la mita chache latosha kukipeleka kijito kusikokuwa kwake. Thibitisha kwa miguu.

Andika namba tatu: eneo la bonde, urefu wa kijito kutoka chanzo cha mbali zaidi, na tofauti ya mwinuko kati ya juu na chini. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa bonde letu la kilomita 9 za mraba, kijito cha kilomita 6 na mteremko wa mita 120.

Sasa fanya hesabu moja ndogo inayofumbua macho. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Mvua ya milimita 80 kwenye bonde letu la mfano ni mita za ujazo 720,000. Ikiwa asilimia 30 tu itatiririka, ni 216,000. Iweke namba hiyo kichwani. Tutaihitaji watakaposimama watu wa kusema tuchimbe bwawa.

Hatua ya 2: Tembea bonde zima na uulize udongo

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasifanye haraka. Mabonde mawili yenye eneo sawa na mvua sawa yanaweza kutoa mafuriko tofauti kabisa, na sababu iko chini ya miguu yako.

Uwanda wa Makonde una udongo mwekundu wa kichanga unaokunywa maji upesi sana. Ndiyo maana ukiwa Newala au Tandahimba huoni mito, na kwa vizazi vingi akina mama walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Maji yanayozama kule juu huibuka kama chemchemi chini ya miteremko, kama bonde la Kitangari linavyoonyesha. Kwa hiyo kama sehemu ya juu ya bonde lako iko uwandani, ramani itakutisha bure: eneo ni kubwa, lakini mafuriko yatatoka zaidi kwenye miteremko na chini yake.

Masasi mambo ni kinyume. Vile vilima vya mawe vinavyosimama peke yake juu ya tambarare ni mwamba mtupu. Mvua huteleza juu yake kama kwenye bati. Kilima kimoja kidogo kinaweza kujaza korongo ndani ya nusu saa wakati mashamba ya jirani hata hayajalowa sawasawa.

Halafu kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Mwishoni mwa kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unazama, na mvua za kwanza zinatumbukia humo zote. Ukishavimba, nyufa zinaziba na uso unakuwa kama sahani. Mvua ya milimita 60 ya Desemba inaweza kupita bila kijito kubadilika rangi, na mvua ileile ya Machi ikafika milangoni. Usimwamini anayesema, "Mbona juzi ilinyesha kubwa kuliko hii na hakikujaa?" Muulize ilinyesha mwezi gani.

Pima kwa kopo. Chukua kopo la rangi la lita 4, litoe kitako, lizamishe ardhini kama sentimita 5. Mimina maji kwanza ili udongo ulowe, kisha jaza tena mpaka kina cha sentimita 10 na uangalie yameshuka kiasi gani kwa dakika 10. Rudia mpaka kasi ya kushuka isibadilike, kisha zidisha kwa 6 upate milimita kwa saa. Kopo moja hutoa namba kubwa kuliko ukweli kwa sababu maji huponyokea pembeni chini ya ardhi, kwa hiyo litumie kulinganisha: chini ya mkorosho, kwenye shamba la mihogo, kwenye njia ya ng'ombe, porini. Kwetu, kwenye njia ya ng'ombe maji yalikaa ndani ya kopo kama ndani ya kikombe.

Angalia pia kalenda ya kilimo. Mavuno ya korosho yanakwenda kama Septemba mpaka Desemba, na ili korosho zionekane zikidondoka, wakulima wanapalilia na kufagia chini ya miti mpaka pawe peupe. Wakati huohuo wanaoandaa mashamba mapya wanafyeka na kuchoma. Matokeo yake ardhi yetu huwa tupu kuliko wakati wowote katika wiki zilezile mvua za kwanza zinapoanza kupiga. Silaumu mtu, maana mimi mwenyewe nina mikorosho. Lakini liandike, kwa sababu ni moja ya mambo machache katika bonde ambayo tunaweza kuyabadilisha bila saruji.

Piga picha kila kituo ukiwa umeelekea juu ya mteremko, na andika tarehe.

Hatua ya 3: Wahoji wazee, mmojammoja

Vijito vyetu vingi havijawahi kuwa na kituo cha kupimia maji. Kumbukumbu pekee ya miaka 50 iliyopita iko vichwani mwa wazee, na kila mwaka tunazika sehemu yake. Fanya kazi hii kabla ya nyingine zote kama unaona umri unawatupa mkono.

Usiwaite kwenye mkutano. Mzee wa kwanza akisema maji yalifika msikitini, wengine watamfuata kwa heshima. Nenda nyumba kwa nyumba, na omba kuonyeshwa, usiridhike na kuambiwa.

Nilikwenda kwa bibi mmoja anayeishi hatua chache kutoka kivuko chetu. Nilidhani atanionyesha ukuta. Alinizungusha nyuma ya nyumba mpaka kwenye mkorosho mzee, akaweka kiganja kwenye panda ya matawi.

"Kinu changu nilikikuta hapa," akasema. "Kimekaa kama mtu kakipakata."

"Maji ya mwaka gani, bibi?"

"Mwanangu, mwaka nisiujue. Ndio mwaka aliochezwa binti yangu wa mwisho."

Binti huyo tulimtafuta kwa simu. Kwa umri wake na darasa alilokuwa akisoma alipoingia unyagoni, tulifika kwenye mvua za El Niño za 1997 na 1998. Wazee wengine wawili, kila mmoja kwake, walitupeleka kwenye alama zilizotofautiana na ile panda ya mkorosho kwa chini ya sentimita 20. Hiyo sasa ni data.

Miaka ifunge kwenye matukio yanayokumbukwa: kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, Uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999, mafuriko ya Kilwa ya Januari 2020, Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara kuu ya kusini. Harusi, jando na unyago vinafaa kuliko vyote kwa sababu kila familia inavyo.

Kila alama ihamishie kwenye kivuko unachokipima kwa kutumia mpira mwangavu wa fundi uliojaa maji, ule wa kusawazishia msingi wa nyumba. Uso wa maji kwenye ncha mbili za mpira huwa katika usawa mmoja. Pigilia msumari au paka rangi. Alama iliyo mbali zaidi juu au chini ya mto usiihamishe hivi, maana maji ya mto yenyewe yana mteremko.

Hatua ya 4: Pima mvua mahali pawili

Kipimamvua cha nyumbani kinatosha, ilimradi ujue kipenyo cha mdomo wake. Funeli yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita 78.5 za mraba. Iweke juu ya chupa, ifunge kwenye nguzo mahali pa wazi; kama kuna mti au nyumba karibu, kaa mbali nayo angalau mara mbili ya urefu wake. Maji yaliyokusanywa yapime kwa sirinji ya duka la dawa, kisha gawa mililita kwa 7.85. Mililita 314 ni mvua ya milimita 40.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, kama wanavyofanya kwenye vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ili namba zako zilinganishike na zao. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Daftari lenye nafasi wazi halisemi kama hakikunyesha au mtu alisahau.

Kipimamvua kimoja kikae karibu na kivuko na kingine juu kabisa ya bonde. Mvua zetu za radi zinaweza kuloweka kilima kimoja na kuacha cha pili kikavu, na mafuriko mabaya ni yale yanayofika huku chini kukiwa na jua.

Mvua kubwa ikianza mchana, mtu asome kila baada ya dakika 15. Watoto wa shule wanaweza kazi hii vizuri kuliko sisi. Milimita 70 zilizonyesha usiku kucha na milimita 70 za saa moja ni vitu viwili tofauti kwa kijito kidogo, na jumla ya siku huificha tofauti hiyo. Data ya CHIRPS, inayochanganya setilaiti na vituo vya ardhini tangu 1981, inapatikana bure intaneti na itakupa historia ya siku kwa siku. Ila kila kipande chake kina upana wa kilomita 5 hivi na huwa inalainisha mvua kali, kwa hiyo haichukui nafasi ya funeli yako.

Hatua ya 5: Pima kijito chenyewe

Usalama kwanza. Usiingie kwenye maji yanayokimbia yaliyopita magoti, usipime usiku ukiwa peke yako, na kwenye sehemu za chini za mito mikubwa kumbuka mamba na viboko. Maji yaliyotuama yana kichocho.

Chagua mahali palipo nyooka, pasipo na jiwe kubwa wala mti ulioanguka. Simamisha rula ya mto: chuma au nguzo iliyopakwa alama kila sentimita 10, sifuri ikiwa chini ya sehemu yenye kina kirefu. Mtu anayeishi jirani aisome asubuhi na jioni, na kijito kikipanda aisome kila robo saa akiwa mahali salama. Andika saa ya mvua kuanza kule juu na saa ya maji kufika kileleni huku chini. Kwa maoni yangu tofauti ya saa hizo mbili ndiyo namba yenye thamani kuliko zote katika daftari, na haigharimu chochote.

Kiasi cha maji kinachopita ni eneo la mkato wa mto mara kasi. Kupata eneo, vuta kamba yenye mafundo kila nusu mita kutoka ukingo hadi ukingo, pima kina kwa fimbo kwenye kila fundo, kisha jumlisha vipande. Kupata kasi, pima mita 20 kando ya mto na urushe chungwa au kidaka cha nazi juu kidogo ya mwanzo. Chungwa ni zuri kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana kwenye maji ya matope. Rusha mara tatu upande wa kushoto, katikati na kulia, kisha chukua wastani. Likitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Maji ya chini hukokotwa na sakafu ya mto, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: mita 0.68. Mkato ukiwa mita 4.2 za mraba, kijito kinapitisha mita za ujazo 2.86 kila sekunde, yaani karibu matenki matatu ya lita 1,000 kwa kila sekunde moja.

Ukishapima mara sita au nane kwenye vina mbalimbali, chora grafu ya kina na kiasi cha maji. Kuanzia hapo kusoma rula tu kunakupa kiasi. Lakini vijito vyetu vya mchanga hubadili sakafu. Baada ya kila mafuriko makubwa pima mkato upya.

Mafuriko makubwa yenyewe hutayapima kwa chungwa. Utayahesabu kutoka kwenye alama, kwa kanuni ya Manning: kasi ni 1 gawanya kwa ukwaruzo, mara wastani wa kina cha mkato kwa kipeo cha theluthi mbili, mara kipeuo cha pili cha mteremko wa maji. Wastani huo wa kina unapatikana kwa kugawanya eneo la mkato kwa urefu wa ukingo na sakafu inayoguswa na maji. Ukwaruzo wa kijito safi ni kama 0.03; chenye vichaka na mikunjo 0.05, chenye matete mazito hufika 0.1.

Kwa maji yaliyokipandisha kinu cha bibi, upana ulikuwa mita 18 na kina cha wastani mita 1.5, yaani mita 27 za mraba. Urefu unaoguswa na maji ni mita 20.5, kwa hiyo wastani ni 1.32. Mteremko wa mita 4 kwa kila mita 1,000 na ukwaruzo wa 0.05 unatoa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde. Maji yaliyopita pale: kama mita za ujazo 41 kwa sekunde.

Bomba la sentimita 90, likijaa na maji yakikimbia mita 2 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 1.3. Kwa mafuriko yale tungehitaji mabomba zaidi ya 30. Siku tulipoandika hesabu hiyo ubaoni, fundi wetu alikaa kimya muda mrefu, na sisi tuliomwajiri bila kumpa kipimo chochote tulikaa kimya pamoja naye.

Hatua ya 6: Kadiria mafuriko yajayo

Njia fupi ya mabonde madogo ni hii: zidisha mgawo wa utiririkaji, ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa kilomita za mraba, kisha gawa kwa 3.6. Mgawo ni sehemu ya mvua inayotiririka: udongo wa kichanga wenye majani labda 0.1 au 0.2, mashamba ya mteremko 0.3 au 0.4, mwamba mtupu 0.8 na zaidi.

Ukali wa mvua uwe wa muda ambao maji ya mbali zaidi hutumia kufika kivukoni. Kanuni ya Kirpich inasema dakika hizo ni 0.0195, mara urefu wa kijito kwa mita ukiwa na kipeo cha 0.77, gawanya kwa mteremko (tofauti ya mwinuko gawanya kwa urefu wa kijito) wenye kipeo cha 0.385. Bonde letu la mfano linatoa dakika 71. Kama daftari lako linaonyesha mvua kali za muda huo zinafika milimita 50 kwa saa, na mgawo ni 0.25, utapata mita za ujazo 31 kwa sekunde. Mgawo ukipanda mpaka 0.45 kwa kufyeka na kuchoma, mvua ileile inatoa 56.

Linganisha na kinu: 41 ipo katikati, na inalingana na mgawo wa 0.33. Njia mbili zisizojuana zikikaribiana namna hiyo, unaweza kusimama mbele ya kikao. Zikipishana mara tatu au nne, rudi ukapime mteremko, maana ndipo wengi tunapokosea. Bonde likizidi kilomita chache za mraba njia hii fupi huanza kuzidisha. Kwa hayo wahandisi wa ukanda wetu wana modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976. Waulize wanaitumia vipi.

Watu wakisema "mafuriko ya miaka 10" wengi wanaelewa kwamba yakija leo tumepumzika miaka 10. Sivyo. Maana yake ni nafasi moja katika kumi kila mwaka, na ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 65. Mafuriko ya miaka 100 yana asilimia 26 ya kuikuta nyumba itakayosimama miaka 30.

Kwa walio karibu na bahari

Kama kijito chako kinaishia kwenye mikoko, Mingoyo kwa mfano, au kwenye ghuba ya Lindi, ongeza kitabu cha maji kujaa na kupwa. Mvua ya kawaida ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, bahari huziba mlango na maji ya mto hurudi nyuma kwenye mashamba. Mvua hiyohiyo ikishuka wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo, haigusi mtu. Andika saa ya maji kujaa kwenye kila siku ya mafuriko. Wavuvi watakuwa walimu wako hapa.

Hatua ya 7: Amua cha kufanya

Bwawa ndilo watu hulitaja kwanza. Shimo la mita 40 kwa 25 lenye kina cha mita 2 hubeba mita za ujazo 2,000. Mvua yetu ya milimita 80 ilitoa 216,000. Shimo hilo litakamata chini ya sehemu moja ya mia, na huenda lilikwishajaa tangu mvua ya wiki iliyopita. Lichimbeni kwa ajili ya mifugo na bustani, lakini msimwambie mtu aliye bondeni kwamba sasa alale usingizi.

Kunyoosha kijito au kujenga tuta upande mmoja nako nakupinga. Kunawapelekea walio chini maji mengi zaidi, tena mapema.

Kinachofaa kwa gharama yetu kinaanzia juu: makinga maji yanayofuata kontua, majani ya vetiva kwenye kingo zake, kuacha magugu yaliyopaliliwa yalale kati ya mistari ya mikorosho na kufagia chini ya miti tu, kubadilisha njia za ng'ombe zinazoshuka moja kwa moja. Hapo lazima mkae na kijiji cha juu, na mkae mkijua mnaomba. Shamba ni lao na faida kubwa ni yenu, kwa hiyo nendeni na nguvu kazi na miche, msiende na lawama.

Kwenye kivuko cha kijito cha namna hii, drifti ya mawe na zege iliyolazwa chini, maji yakipita juu yake, mara nyingi hushinda kalavati. Barabara inafungwa saa chache kwa mwaka, lakini haiondoki.

Nyumba, vyoo na maghala mapya yakae nje ya alama ya juu kabisa mliyoipata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kabla ya kuzuia au kuchepusha maji, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali. Masuala ya kivuko yapeleke TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ukiwa na nakala ya daftari.

Mwisho, tahadhari. Paka rula yako rangi tatu: kijani, njano, nyekundu, nyekundu ianze pale maji yanapokaribia mlango wa nyumba ya kwanza. Mtu wa kipimamvua cha juu awe na namba za simu za watu watatu wa chini, si mmoja, maana mvua ikinyesha mtandao nao husumbua. Akisoma milimita 20 ndani ya robo saa, apige. Kwa sisi hesabu ilisema dakika 71. Saa ya ukutani, mara mbili msimu uliopita, ilisema dakika 50. Tumepanga kila kitu kwa dakika 50. Novemba, kabla mvua haijaanza, tunafanya zoezi mchana kweupe: nani anafungua zizi, nani anabeba mbegu, vijana gani wanne wanakwenda kwa bibi na machela.